Adui akishavua joho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu, kwa heshima zote, msomaji mwenzangu wa Arusha ambaye majuma mawili yaliyopita alitaka mieleka ya kulipwa ipigwe marufuku kuonyeshwa mchana kwenye migahawa na vibanda umiza, saa ambazo watoto wanatoka shule. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mieleka hiyo ni uongo, kwa kuwa mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niache kazi za watu mezani nishike kalamu, ni kwamba watu wale wenye sura za kutisha, wanaotukanana na kupigana viti, wanawafundisha watoto roho mbaya, na kwamba mtu anayelipwa kila juma ili awe mbaya hawezi kubaki na utu akitoka pale.

Hoja ya kwanza sina ugomvi nayo, na hata wenye mchezo wao hawana. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa WWF, iliieleza yenyewe Seneti ya jimbo la New Jersey kuwa inachofanya ni burudani wala si mashindano ya kweli, na ilisema hivyo kwa sababu ambayo mfanyabiashara yeyote wa Mbuyuni angeielewa: ilitaka kuepukana na kodi na usimamizi wa tume ya michezo ya jimbo. (Sisi wa kanda hii ya hifadhi za wanyama tukiziona herufi WWF tunakumbuka yule panda wa nembo ya shirika la kuhifadhi wanyamapori; shirika hilo nalo liliona hivyohivyo, likaenda mahakamani, na mwaka 2002 wenye mieleka wakalazimika kujiita WWE.) Niongeze tu kwamba kinachopangwa ni mshindi, sakafu haipangwi. Mick Foley, aliyekuwa akicheza kwa jina la Mankind, alipotupwa kutoka juu ya kizimba mjini Pittsburgh mwezi Juni 1998, alishuka karibu mita 5 na kutua juu ya meza ya watangazaji, na sijui ni mtunzi gani wa hadithi anayeweza kuuandikia mgongo usiume.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, hapa Moshi, na meza yangu imekaa kwenye kibaraza kilekile tangu mwaka 1996. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukuta wa mabati tu ndio ulionitenganisha na kibanda umiza cha jirani yangu: mabenchi sita, runinga ya inchi 21 juu ya kreti za soda, deki iliyokuwa ikimeza kanda mpaka zitolewe kwa kisu cha mezani, na kiingilio cha shilingi 50. Sikuhitaji kulipa ili nijue nani anapigwa, kwa kuwa makelele ya watoto yalikuwa yakinieleza kila kitu huku nikiwa na sindano mdomoni. Iwe picha ya Kihindi, ya Kichina au mieleka, lugha ya kibanda ilikuwa moja: kuna stelingi, yaani shujaa, na kuna adui. Rey Mysterio, mpiganaji wa kinyago, alikuwa stelingi. Undertaker alikuwa adui, mpaka watoto wenyewe walipokaa na kumpandisha cheo.

Siku moja alikuja kijana wa darasa la nne na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, amechora kinyago cha Rey Mysterio kwa kalamu ya bluu na nyekundu, akaniuliza nitamshonea kwa shilingi ngapi. Nilikuwa na vipande vya bitana vilivyobaki kwenye suti za harusi, nikamwambia alete lastiki tu. Kinyago cha kwanza kilikuwa aibu. Tundu za macho nilizikata chini mno, na kwa juma zima yule kijana alitembea ameinua kidevu kama mtu anayekitafuta kilele cha Kibo siku ya mawingu. Cha pili nilikifunga kamba za viatu kisogoni, kama vile vya kweli vinavyofungwa, na baada ya hapo nilishona vingi kiasi kwamba mke wangu alianza kuniuliza kama bado ninashona nguo.

Nilipowauliza wale watoto kwa nini lazima iwe Mysterio na si mwingine mwenye misuli mikubwa zaidi, hawakunieleza juu ya kuruka kwake. Walinieleza kwamba kabla ya pambano huwa anakwenda pembeni ya ulingo, anamtafuta mtoto aliyevaa kinyago kama chake, na anagusanisha naye paji la uso. Hicho ndicho walichokuwa wamekiona. Nao wakakichukua: kabla ya kuanza mieleka yao ya mchangani nyuma ya kibaraza changu, walikuwa wakigusanisha mapaji ya uso, bitana kwa bitana, ndipo waanze kuangushana.

Na hapo pa kuangushana namuunga mkono ndugu yangu wa Arusha bila masharti. Mmoja wa vijana wangu wa vinyago aliruka kutoka juu ya ukuta wa choo, akavunjika mfupa wa bega, na mimi ndiye niliyembeba hadi hospitali, kinyago kikiwa bado kichwani. Kampuni yenyewe hurudia onyo kwamba haya yasijaribiwe nyumbani, lakini onyo la Kiingereza halimfikii mtoto wa Majengo aliyeketi benchi la mbele. Kama hoja ni kwamba mwenye kibanda asimame aseme kwa Kiswahili kuwa wale ni watu waliofundishwa kuanguka kwa miaka, nitakuwa wa kwanza kutia sahihi. Hoja ya roho mbaya ndiyo inayonishinda.

Inanishinda kwa sababu inamchukulia adui wa ulingoni kama mtu asiye na mlango wa kutokea. Kwa miongo mingi wenye kazi ile waliishi chini ya sheria isiyoandikwa waliyoiita keifebu, yaani kuitunza siri ya ulingo hata ukiwa sokoni. Adui hakuruhusiwa kuonekana akila meza moja na stelingi wala kupanda naye gari moja. Mwezi Mei 1987 polisi wa New Jersey walisimamisha gari wakamkuta Iron Sheik, adui mkubwa wa Wamarekani wa wakati ule, ameketi pamoja na Jim Duggan, stelingi aliyekuwa akipeperusha bendera ya Marekani na kupambana naye. Mbele ya sheria kosa lilikuwa dawa za kulevya. Lakini kilichozungumzwa zaidi, na kilichowaumiza mashabiki, ni kwamba mahasimu walikuwa wakisafiri kama ndugu, na wote wawili walifukuzwa kazi.

Fikiria basi adui wa enzi hizo anasimamishwa na mtoto nje ya ukumbi. Akimshika mkono na kumuuliza anasoma darasa la ngapi, amevunja siri inayowalisha wenzake wote. Akimfokea, amefanya kazi yake. Na kazi yenyewe haikuwa na usalama, kwa sababu wapo maadui waliochomwa visu na mashabiki walioamini mno walichokiona. Wema wa mtu wa namna hiyo ulikuwa na gharama ambayo stelingi hakuijua. Stelingi akimbusu mtoto mbele za watu, huo ni mtaji wake. Ndiyo maana, nikisikia simulizi za wapiganaji wema, huwa nauliza kwanza: alikuwa anacheza upande gani?

Nitoe mfano mmoja ambao kwetu Watanzania una uchungu wake. Kulikuwa na mpiganaji aliyeitwa Kamala, tuliyemwona kwenye kanda za zamani. Aliingia miguu mitupu, amevaa ngozi ya chui, amechorwa nyota kifuani na mwezi tumboni, na mtangazaji akawa anasema anatoka Uganda na alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Nilikuwa na miaka kumi vita vya Kagera vilipoanza, na siku ile ndani ya kibanda alikuwemo mzee mmoja aliyefika Kampala na jeshi letu mwaka 1979; alimtazama Kamala kwa muda, akaomba kanda irudishwe nyuma, akatazama tena, kisha akacheka mpaka kahawa ikammwagikia. “Huyu,” alisema, “mimi kule sikumkuta.” Kwa kweli asingemkuta. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na Uganda yake ilitungwa na waandaaji wa mieleka wa Memphis mwaka 1982.

Sikupenda mchoro ule na bado siupendi, kwa kuwa ulimfanya Mwafrika kuwa mnyama asiyejua hata kusema. Lakini ubaya wa mchoro sina sababu ya kumbebesha aliyeuvaa. Harris alikuja kukatwa miguu yote miwili kwa ajili ya kisukari, na alipofariki Agosti 2020, akiwa na miaka 70, wenzake walimlilia kama mtu mpole. Kama ndugu yangu wa Arusha angekutana na Kamala barabarani mwaka 1985 angevuka upande wa pili. Angekuwa anamkimbia dereva wa malori aliyevuliwa viatu kwa mshahara.

Siku hizi keifebu imekufa; intaneti imeizika. Adui anakupiga kiti usiku na asubuhi anaweka picha ya kitoto chake Instagram. Kwa hiyo leo wema unaonekana zaidi, na baadhi yake umeandikwa kwa takwimu. Marekani kuna shirika liitwalo Make-A-Wish, lililoanzishwa mwaka 1980 kule Arizona, ambalo humuuliza mtoto mwenye ugonjwa mzito, kuanzia miaka miwili na nusu hadi 18, anatamani nini kuliko vyote. Wapo wanaotaka kuiona bahari, wapo wanaotaka mbwa. Wengi wamemtaka John Cena, mpiganaji wa WWE. Alianza kuitikia mwaka 2002, na mwaka 2022 wenye kitabu cha rekodi cha Guinness waliandika kuwa amefikisha watoto 650, wakati hakuna mtu mwingine maarufu aliyepita 200.

Nimeigawa hiyo 650 kwa miaka 20, kwa chaki, kwenye kitambaa cha suruali ya mteja. Ni takribani mtoto mmoja kila siku 11, miaka 20 mfululizo, na huyu ni mtu ambaye kazi yake ilimtaka awe mji tofauti karibu kila usiku. Msisahau pia kwamba huyo Cena, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, alikuwa akiingia ulingoni nusu ya ukumbi ikimshangilia na nusu ikimzomea, watoto upande huu na wanaume wenye ndevu upande ule. Mwezi Machi 2025 mjini Toronto alifanya ambacho mashabiki walikuwa wakikisubiri kwa zaidi ya miaka 20: aligeuka kuwa adui. Mpwa wangu alikuja dukani asubuhi hiyo kama mtu aliyefiwa. Nilimwuliza kama anadhani wale watoto 650 sasa wamerudisha zawadi zao, akanikasirikia, lakini kufika saa nne alikuwa anacheka.

Kuna tukio jingine ambalo nalithamini kuliko hesabu zote hizo. Mwaka 2014 kulikuwa na mtoto wa miaka minane wa Pittsburgh, mgonjwa wa saratani ya ubongo, aliyempenda mpiganaji Daniel Bryan. Tarehe 6 Aprili mwaka ule, mjini New Orleans, Bryan alipotwaa ubingwa mbele ya maelfu ya watu, alikwenda moja kwa moja kwa yule mtoto kwenye viti vya mbele akamkumbatia. Mtoto alifariki kabla mwezi haujaisha, na kampuni ikaanzisha mfuko wa utafiti wa saratani za watoto kwa jina lake. Wote huzungumzia kumbatio lile. Mimi namzungumzia Triple H, ambaye wakati huo ndiye alikuwa adui, bosi mkatili anayemnyima Bryan haki yake kila Jumatatu. Huyo adui aliingia ulingoni na yule mtoto, akakubali kutandikwa ngumi, akaanguka chali na mwili wake wote mkubwa, akalala pale mpaka akahesabiwa. Stelingi alimpa mtoto mapenzi. Adui alimpa ushindi, na hicho ni kitu ambacho adui peke yake ndiye anayekimiliki.

Najua jibu litakalokuja: kamera zilikuwepo. Ni kweli, zilikuwepo, na kampuni inayouza fulana inajua thamani ya picha ya mtoto anayetabasamu. Maandiko yanataka mkono wa kushoto usijue unachotoa mkono wa kulia, na hapa mkono wa kushoto umeshika kamera. Hata hivyo, mtoto aliyelazwa hapimi nani amekuja na kamera. Anapima nani amekuja.

Wala sisemi kwamba wote ni wema. Mwaka 2007 mpiganaji Chris Benoit, ambaye vijana wa kibanda chetu walimpenda sana, alimwua mkewe na mtoto wake mdogo, kisha akajiua. Jirani yangu alizitoa kanda zake zote kwenye rafu, hakuzirudisha tena. Na Benoit hakuwa na sura ya kutisha wala joho jeusi. Kama ndugu yangu anataka kuwapima watu kwa vazi wanaloingia nalo ulingoni, mfano huo umtie mashaka.

Upo pia wema wa aina ya ajabu kidogo, ambao Watanzania, kwa maoni yangu, tunaweza kuuelewa haraka kuliko Wamarekani wenyewe. Yupo mpiganaji wa AEW, kampuni nyingine ya mieleka ya Marekani, anayejulikana kwa jina la MJF, adui wa siku hizi aliyeamua kuishi kama wa zamani. Shabiki akiomba picha naye anatukanwa, na hata mtoto hasalimiki. Na watu wanapanga foleni. Wanajua watatukanwa, wanalipa kwa ajili hiyo, na wanaondoka wanacheka, kwa sababu wangepewa tabasamu la adabu wangeona wamepunjwa. Msomaji wa Arusha angeona huo ni ukatili mtupu. Lakini je, hajawahi kuhudhuria msiba wenye Wachaga na Wapare? Hajamwona mtani akishuka kaburini, akilala chali, akakataa kutoka mpaka apewe hela ya soda, huku akimsema marehemu kwamba amekufa ili akwepe madeni? Mgeni asiyejua utani angeita polisi. Wafiwa wanacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi, na mtani huyohuyo jioni ndiye anayebaki kuosha masufuria. Matusi ya mtani yana mpaka ambao wote wawili wanaujua bila kuandikiana. Naamini mpiganaji na shabiki wake nao wanaujua, na mtoto anaujua mapema kuliko tunavyodhani, ilimradi mtu mzima amwonyeshe mara moja mpaka ulipo.

Kwa kulinganisha, niseme jambo linaloniuma, bila kumtaja mhusika. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mjini kwetu msanii mmoja ambaye nyimbo zake zote ni upendo na kumcha Mungu. Mjukuu wangu wa kiume alinibembeleza nimshonee shati la rangi alizovaa yule msanii kwenye video, akasimama nje ya hoteli tangu saa tisa mchana hadi giza likaingia. Gari lilipotoka alikuwa amelikaribia kiasi cha kuona taa ya simu ndani. Kioo cheusi kilikuwa chini nusu; kikapandishwa. Hakutukanwa wala hakusukumwa. Alirudi akavua shati, akalikunja vizuri kwa mistari ya pasi, akaniuliza kama kitambaa kinaweza kutumika kwa kazi nyingine. Nikimlinganisha mtu huyo na yule MJF anayetukana foleni nzima mmoja mmoja, akimtazama kila mtu usoni, sioni ugumu wa kuchagua.

Nimalizie na adui ninayemjua mwenyewe. Mwaka 2009, Jumatatu ya Pasaka, vijana wa Majengo na Pasua waliandaa mieleka yao kwenye uwanja wa wazi: magodoro manne yaliyofunikwa turubai, nguzo nne za mikaratusi, kamba za mkonge. Adui alikuwa fundi mwashi wa Kiboroloni, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na joho lake lilishonwa kwangu. Nililitengeneza kwa miavuli mitatu mibovu. Mwavuli ukiufumua kwenye mbavu zake unakupa vipande vinane vya pembe tatu, na vipande 24 ukiviunga kuanzia shingoni unapata joho linalofunguka kama bawa la kunguru mtu anapogeuka. Lilikuwa na kofia ndefu ya kufunika nusu ya uso, na nusu nyingine aliipaka masizi ya chungu.

Alifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Aliwanyang’anya watazamaji karanga, akamkanyagia refa kofia, akapigwa maganda ya machungwa mpaka uwanja ukanuka juisi. Benchi la mbele alikuwepo mjukuu wa bibi mmoja muuza chapati, binti wa miaka sita hivi, naye alikuwa ameganda. Halii, hapigi kelele, amekodoa tu, na gauni limelowa. Mwashi alimwona. Aliniambia baadaye kwamba alitamani kusimamisha pambano, lakini mwenzake alikuwa tayari hewani anamrukia, na ukimkwepa mtu aliye hewani unamvunja. Basi akapokea kipigo chake kama walivyokubaliana, akashindwa, akazomewa hadi nje.

Alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma kwa sababu joho lilikuwa limepasuka kwapani. Bibi naye akapita na yule mtoto, amemshika mkono, wanarudi nyumbani. Mwashi hakumwita mtoto. Alisema, “Shikamoo bibi,” akasubiri marahaba, kisha akaomba ruhusa ya kuzungumza na mjukuu. Alipokubaliwa alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, miguu ameinyoosha, ili awe mfupi kuliko yule binti. Hakutabasamu, kwa kuwa, kama alivyonieleza, meno meupe kwenye masizi yanatisha kuliko masizi. Alishika pindo la joho akalinyoosha kidogo mbele, akasema, “Huu ni mwavuli wa fundi umechakaa. Hebu nitafutie palipotoboka.” Muda mrefu ukapita. Kisha kidole kimoja kikaja, kikafuata mshono wangu kutoka kipande hadi kipande, kikakuta kiraka.

“Hapa.”

“Ahaa. Na mimi je, palipochafuka ni wapi?” Akampa kitambaa nilichokuwa nimekilowesha kwa ajili ya pasi. Binti alifuta shavu moja, akasimama, akaangalia kitambaa, akafuta paji la uso, kisha akageuka kwa bibi yake kwa sauti ya mtu aliyedanganywa: “Bibi, mbona huyu ni fundi aliyejenga jiko letu!”

Tangu siku hiyo, kila alipokutana naye njiani, binti alikuwa akisimama, ananyoosha kidole, anapiga kelele, “Adui!” na mwashi, kama amebeba mfuko wa saruji begoni, alikuwa akiutua kwanza polepole pembeni pasipo na maji, maana saruji ni fedha, ndipo anashika kifua na kuanguka chini barabarani na kufa. Nimemwona akifa mbele ya kituo cha daladala, na nimemwona akifa Jumapili amevaa suti niliyomshonea mimi mwenyewe, jambo ambalo sikulifurahia.

Binti huyo sasa anasoma uuguzi. Mwezi uliopita aliniletea sare zipunguzwe kiuno, na nilikuwa namzungushia futi pale kibarazani wakati mwashi alipopita upande wa pili wa barabara na ndoo ya mchanga. Hakuita kama zamani. Alinyoosha kidole tu. Mwashi alitua ndoo, akashika kifua, akatazama chini, na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena, akajishikiza kwenye nguzo ya umeme na kufia hapo akiwa amesimama.

Wako,
Fundi Cherehani,
Majengo, Moshi.